Iandike MV Bukoba, Mashahidi Wangali Hai

Wewe ambaye kila Mei ikipita unasema "iko siku nitaiandika riwaya ya MV Bukoba", makala haya ni yako. Piga hesabu. Meli ile ilizama Jumanne, tarehe 21 Mei 1996. Kijana aliyenusurika akiwa na miaka 20 anatimiza 50 mwaka 2026. Mama wa miaka 50 aliyekuwa Mwanza akimsubiri mwanawe asubuhi ile anatimiza 80. Mzee aliyekuwa na 60 akibeba mizigo gatini ana 90, kama yupo. Hiyo siku unayoisubiri ni ipi?

Yale ambayo kila mtu anayajua yanajaza ukurasa mmoja. Meli ya Shirika la Reli Tanzania, iliyoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuruhusiwa kubeba abiria 430, iliondoka Bukoba, ikapitia Kemondo kuchukua watu na mizigo, ikasafiri usiku kucha. Asubuhi, Mwanza ikiwa imekaribia, ikalala ubavu na kupinduka. Wakafa zaidi ya watu 800. Rais Benjamin Mkapa, ambaye hata mwaka alikuwa hajaumaliza Ikulu, akatangaza siku tatu za maombolezo. Wengi wakazikwa Igoma. Maofisa wa shirika, nahodha akiwa mmoja wao, wakashtakiwa. Hayo utayapata bila kuinuka kitini.

Sasa tazama kilichobaki nje ya ukurasa huo. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Ndiyo sababu hesabu ya waliokufa inabishaniwa hadi leo, na ndiyo sababu hakuna jalada, hata ulifukunyue vipi, litakalokuambia nani alikuwa amekaa juu ya gunia lake kule chini, anatoka kijiji gani, anakwenda kufanya nini Mwanza. Watu hao wamo mahali pamoja tu, kwenye kumbukumbu za waliowasindikiza, waliowapokea, na wachache waliokaa nao wakatoka hai. Karatasi inaweza kukusubiri. Mahakama itatunza mafaili yake, maktaba itatunza magazeti yake, na mwaka kesho utayakuta. Shahidi wa daraja la tatu hatakusubiri. Kwa hiyo mpango wa riwaya hii una mlango mmoja tu wa kuingilia, nao ni watu. Nenda kwa watu kwanza, nenda mwaka huu.

Najua kitu kinachokurudisha nyuma. Umesikia kwamba riwaya inayofuata historia humfunga mwandishi mikono, kwamba ukishajifunga kwa tarehe na matukio ya kweli huna tena pa kubuni. Anayekuambia hivyo mpe kisa cha Liemba. Wajerumani waliiunda meli ile Papenburg, wakaifungua vipande vipande, wakaileta Dar es Salaam, ikapanda reli hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Mwaka uliofuata, walipoona wanazidiwa vitani, waliizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi walizipaka mashine grisi kila mahali, ili siku moja mtu aje azikute nzima. Waingereza waliiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, ikaja kuwabeba babu na bibi zetu kwa miongo mingi. C. S. Forester alilitazama tukio hilo kwa mbali na 1935 akatoa The African Queen. Alibuni ziwa, akabuni jina la meli, akabuni na mwisho wake. Kitabu kilisomwa sana, na filamu ya 1951 ikatazamwa sana. Lakini niambie wewe mwandishi, kati ya meli ya kubuni inayozamishwa na adui na meli ya kweli ambayo mafundi wake waliipaka mafuta kabla ya kuizika, ipi ina riwaya ndani yake? Ukweli ulimpita Forester kwa mbali sana, na alikuwa fundi.

Ziwa Victoria nalo litakupa ya namna hiyo, na mengine yako bure kwa yeyote anayejisumbua kuangalia. Chukua mwezi. Mwandamo wa Mei 1996 ulikuwa tarehe 17, hivyo usiku wa 20 mwezi ulikuwa hilali nyembamba iliyozama mapema, saa chache tu baada ya jua. Abiria aliyeketi sitahani usiku wa manane hakuwa na mbalamwezi. Ukimwandikia mbalamwezi umeshamdanganya. Mpe giza, na taa za meli, na sauti za watu asiowaona nyuso. Kwa Waislamu waliokuwamo, mwaka wa Hijria 1417 ndiyo kwanza ulikuwa umeanza, siku mbili tatu tu. Hayo mawili hayakuhitaji fedha wala kibali, ila kalenda. Na tayari una sura ya usiku ambayo hakuna aliyewahi kuiandika hivyo.

Kisha ondoa vitu ambavyo havikuwapo. Mkoa wa Geita ulizaliwa 2012, kwa hiyo mhusika wako wa 1996 atokaye Geita anatoka wilaya ya mkoa wa Mwanza. Abiria hapigi simu kutoka katikati ya ziwa kusema tunakaribia. Habari itafika vijijini kwa redio, na kwa mtu aliyeshuka kwenye basi na uso uliobadilika. Na kijana anayesoma kitabu chako leo, ambaye amevuka daraja la Kigongo–Busisi tangu lilipofunguliwa 2025, atakuuliza kwa nini watu walijazana kwenye meli. Usimjibu kwa hotuba. Mwonyeshe barabara ya Kagera ya wakati ule, mvua za masika zikiwa zimetoka kuiharibu, na mama mwenye mikungu ya ndizi ambayo haiwezi kungoja. Akishaiona barabara hiyo, ataipanda meli mwenyewe.

Kuna jambo moja linalowashinda wengi wanaopanga riwaya ya namna hii, nalo ni kwamba msomaji anajua meli itazama. Wanajaribu kumsahaulisha. Wanaanzisha wivu, wizi, mapenzi ya kificho, ili akifika kwenye ajali ashtuke. Haitawezekana, na ni kumvunjia heshima mtu ambaye pengine shangazi yake alikufa mle. Mwambie tangu ukurasa wa kwanza. Jina la meli likiwa juu ya jalada umeshamwambia. Kinachobaki ni yale ambayo hayajui. Nani aliacha kupanda Kemondo kwa sababu ya ugomvi wa nauli? Nani alimpisha mwenzake nafasi ya kulala? Nani alishuka chini kumtafuta mtoto dakika ile ambayo hakupaswa kushuka? Msomaji anayejua mwisho humsikiliza mhusika kwa namna nyingine kabisa. Neno dogo kama "tutaongea tukifika Mwanza" linakuwa zito bila wewe kulitia uzito. Waandishi wa visa vya kubuni hawana zawadi hiyo. Wewe unayo, na hujaigusa.

Turudi kwa mashahidi, maana hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Usidhani umechelewa. Titanic ilizama Aprili 1912, na Walter Lord alitoa kitabu chake maarufu kuihusu mwaka 1955, miaka 43 baadaye, akiwa amewafikia manusura zaidi ya 60. Lakini jifunze jingine kutoka kwenye meli hiyohiyo. Baadhi ya manusura walisema waliiona ikikatika vipande viwili kabla ya kwenda chini, mmoja wao kijana wa miaka 17, Jack Thayer. Uchunguzi wa Uingereza uliamua kwamba ilizama nzima. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa kwa zaidi ya miaka 70, hadi Septemba 1985, msafara wa Robert Ballard na Wafaransa ulipoikuta sakafuni mwa bahari ikiwa imekatika. Karatasi rasmi ilikuwa imekosea na mtoto aliyekuwa akielea majini alikuwa sahihi. Kumbuka hilo siku utakayoambiwa kwamba bibi wa Muleba aliyenusurika "anachanganya mambo".

Kuchanganya nako kupo, nisikudanganye. Watu wawili waliokaa benchi moja watakupa saa mbili tofauti, na mmoja ataapa kwamba kulikuwa na upepo. Usiwasuluhishe. Andika yote mawili kwenye daftari, na jina la aliyesema, na siku. Wakati wa kuandika riwaya utagundua kwamba tofauti hiyo ni mali. Mmoja aliona saa kwa sababu alikuwa na haraka, mwingine aliusikia upepo kwa sababu alikuwa na hofu.

Na namna ya kuwaendea. Usifike na kinasa sauti kimeshawashwa. Nenda Igoma tarehe 21 Mei, watu wanapokwenda kuwakumbuka wao, usimame nyuma, usalimie. Shikamoo mama, pole kwa siku ya leo. Basi, nyamaza. Atakayetaka kuzungumza atakuita, na asiyetaka ana haki yake, hata kama ndiye peke yake aliyetoka chumba fulani na riwaya yako inamhitaji. Ukialikwa nyumbani, usianze na maji. Kila mtangazaji ameanza na maji. Uliza alikuwa amebeba nini. Nani alimsindikiza gatini, na maneno yao ya mwisho yalikuwa yapi. Alivaa nini, na nguo hiyo ilikuwa ya nani. Alikula nini kabla ya kupanda. Mtu anayeulizwa habari za kapu lake hukumbuka mkono uliolishika, na huko ndiko unakotaka kufika. Akifika kwenye maji mwenyewe, msikilize tu, wala usimharakishe arudi. Na ukimaliza, rudi tena siku nyingine mikono mitupu, bila maswali, umjulie hali. Mwandishi anayetokea mara moja tu ni mwizi mwenye adabu.

Kusanya na ya chuma. Lazima uelewe kwa nini meli hulala na kwa nini haiinuki, la sivyo sura yako kubwa itakuwa mayowe matupu. Kimsingi ni hivi: meli husimama kwa sababu uzito wake umekaa chini ya kutosha. Rundika watu na shehena juu, kitovu cha uzito kinapanda. Meli ya namna hiyo ikilala kidogo hurudi, ila hurudi kwa uvivu, na baharia mzoefu huuogopa uvivu huo kuliko kurushwarushwa. Maji yaliyojaa nusu tangi hukimbilia upande ulioinama. Watu wakiogopa nao hukimbia, na mara nyingi hukimbilia upande mmoja. Soma yaliyosemwa mahakamani na kwenye uchunguzi, kaa na mabaharia wastaafu wa ziwa wakuchoree kwa mkaa sakafuni ikibidi. Halafu safari yenyewe ifanye. MV Victoria ilikarabatiwa na kurudi kwenye njia ya Mwanza na Bukoba mwaka 2020. Kata tiketi ya daraja la chini kabisa, usilale, na ujifunze kwa mwili wako jinsi injini inavyosikika usiku, jinsi watu wasiojuana wanavyogawana blanketi na maandazi, choo kiko wapi, harufu gani inatawala ikifika alfajiri.

Kuhusu kubuni, sheria yangu ni moja: buni mtu, usibuni tendo la mtu aliyekuwapo. Adam Shafi alituonyesha njia katika riwaya yake Kuli. Mgomo wa wapagazi wa bandari ya Zanzibar wa 1948 ulikuwa wa kweli, naye akamtia ndani yake kijana wake Rashidi, na kupitia Rashidi tukaujua mgomo. Daraja la tatu lisilo na orodha linakupa nafasi ileile. Tunga familia yako yote hapo, wape majina, wape madeni na mizaha. Lakini nahodha aliishi kweli, akashtakiwa kweli. Usiingie kichwani mwake ukatuambia aliwaza nini. Mwache aonekane kama abiria walivyomwona, mtu aliyepita na kofia yake, sauti iliyosikika ikitoa amri. Utaona kwamba umbali huo unampa uzito kuliko kurasa 20 za mawazo ya kumzulia.

Utakutana pia na kishawishi kimoja kikubwa. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo Abu Ubaidah al-Banshiri, mmoja wa viongozi wa juu wa al-Qaeda, na wenzake walifunga safari hadi ziwani kuhakikisha kama kweli amekufa. Habari hiyo ilikuja kutajwa katika kesi ya Marekani kuhusu mabomu ya balozi za Nairobi na Dar es Salaam. Wachapishaji wa nje wataipenda sana. Watakuambia ndiyo kitabu chenyewe. Kitie mstari mmoja ukipenda, mtu mgeni aliyeketi kimya, kisha endelea na mama mwenye ndizi. Mtu huyo mmoja ameshaandikwa na mashirika ya ujasusi. Mama hajaandikwa na yeyote.

Kuna saa ambazo utaogopa kuziandika, na hapa sitakubembeleza. Meli ilipopinduka ilibaki ikielea tumbo juu, na ndani walikuwapo watu hai waliogonga chuma wakiomba kutolewa. Inasimuliwa kanda nzima ya ziwa jinsi tundu lilivyokatwa ili watolewe, jinsi hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ilivyotoka, na meli ikazama. Sura hiyo lazima iwemo. Riwaya inayoiruka haijafuata historia, imeikwepa. Iandike kwa kujifunga kwenye kile alichokijua mtu aliyesimama pale dakika ile, aliyesikia mgongo wa meli ukigongwa na mikono ya watu na hakuweza kukaa bila kufanya kitu. Yale tuliyoyajua sisi baadaye usimpe. Ukimpa, utakuwa umemhukumu, na hukumu ina mahali pake, mahakamani.

Kama bado unajiuliza wewe ni nani wa kuifanya kazi kubwa hivi, mtazame mzee wa Ukerewe, kisiwa cha ziwa lilelile. Aniceti Kitereza aliona desturi za watu wake zinatoweka na wanaozijua wanazidi kupungua. Akaketi kuandika, kwa Kikerewe, kila kitu: jinsi watu wanavyosalimiana, wanavyoposa, wanavyotibu, wanavyovua, wanavyozika. Alimaliza 1945. Hakupata mchapishaji. Akaitia kazi yake katika Kiswahili yeye mwenyewe, na hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ikachapishwa 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Miaka 35 ya kungoja, na kila ukurasa uliokuwa tayari ulikuwa tayari kwa sababu alikusanya wakati wenye habari walikuwapo. Wewe una simu inayonasa sauti, una barabara ya lami, una wasomaji kuanzia Mombasa hadi Goma. Na una ziwa ambalo halijaacha kuchukua watu: tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere, kivuko kilichoruhusiwa kubeba 101, kilipinduka karibu na Ukara, wakafa 228. Mtu anayesema MV Bukoba ni habari ya zamani hajakaa Ukara.

Lugha isikutishe. Iandike kwa Kiswahili kile kilichosikika sitahani, chenye Kihaya cha kina mama, Kisukuma cha wapagazi, Kijita na Kikerewe cha wavuvi, na Kiswahili cha matangazo ambacho nusu ya abiria walikisikia na nusu hawakukielewa. Hiyo ndiyo sauti halisi ya meli za ziwa, na mhariri wa Dar es Salaam akitaka kuisafisha, mkatalie kwa upole.

Usianze na ajali wala na utangulizi. Anza Kemondo, jioni ya Jumatatu, ngazi imeteremshwa, na mtu wako mmoja wa daraja la tatu yuko kwenye msongamano na mzigo wake. Kurasa tano, kabla mwezi huu haujaisha. Zitakuwa mbovu, na zitakuonyesha yote usiyoyajua: tiketi ilikatwa wapi, nauli ilikuwa shilingi ngapi, mizigo ilipimwa au haikupimwa, mlinzi wa ngazini alivaa nini. Kila unapokwama weka alama kwa kalamu nyekundu. Alama hizo ndizo maswali ya kwenda nayo. Zikifika kumi, weka kalamu chini, mpigie simu ndugu yeyote uliye naye Bukoba au Mwanza, umwombe akutafutie mzee mmoja aliyekuwa gatini jioni ile, na ukate tiketi ya basi.